Moja Iliyobaki Kwenye Mabano

Msinicheke. Najua mtu wa miaka kumi na saba hana haki ya kusema "enzi zetu". Mama mdogo, ambaye ninaishi kwake hapa Kasulu, hunikata kila nikianza: "Enzi zipi, na wewe hata maziwa hayajakukauka mdomoni?" Lakini ninyi wenzangu mliobeba kuni kwenda shule ya msingi kule Kibondo, asubuhi za Juni baridi ikiuma masikio, mnajua ninachosema. Zile zilikuwa enzi, na zimekwisha.

Nakumbuka vumbi jekundu lililopanda mpaka kwenye magoti, hata mama akaacha kuuliza kwa nini soksi nyeupe zimekuwa za udongo. Nakumbuka kidumu cha lita tano cha kumwagilia maua mbele ya ofisi ya walimu, maua ambayo mbuzi wa jirani waliyala kila Jumapili na sisi tukayapanda upya kila Jumatatu. Uji wa shule ulinukia moshi, na aliyepata ukoko wa chini ya sufuria alionekana amebarikiwa. Nyumbani tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, tukaongea Kiha mpaka usingizi. Shuleni Kiha kilikatazwa. Aliyenaswa akikisema alivishwa kibao cha mbao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Mimi nilikivaa siku mbili nzima darasa la tatu, kwa sababu sikuweza kumchongea mtu. Siku ya tatu mwalimu alikivua mwenyewe, nadhani alinihurumia. Kuanzia hapo niliona njia rahisi ni kutosema chochote kwa lugha yoyote. Nikazoea. Watu wakasema Ansila ni mpole. Sikuwa mpole, nilikuwa naogopa.

Kwa hiyo nilipenda michezo isiyohitaji mdomo. Kwenye rede lazima upige kelele, na kwenye kombolela lazima uite majina ya watu. Lakini mdako ni mikono tu. Mnachimba kishimo kidogo, mnatia kokoto, unarusha moja juu, na kabla haijashuka umeshachota zilizo shimoni. Unarusha tena, unarudisha zote isipokuwa moja. Raundi inayofuata unatoa mbili mbili, kisha tatu tatu, na kadhalika. Vidole vilichubuka na kucha zikaingia udongo, na hakuna aliyekuuliza unafikiria nini.

Siku moja darasa la tano, mwalimu wetu wa Hisabati alitukuta nyuma ya darasa kengele imeshalia. Tulijua tumekwisha. Yeye akachuchumaa na gauni lake la kitenge, akahesabu kokoto zetu. Mimi nilikuwa na kumi na mbili, mwenzangu kumi na nane.

"Mkitaka wote wawili kuchota kwa mafungu yanayolingana," akasema, "na asibakiwe mtu na kokoto hata moja, fungu kubwa kabisa ni la ngapi?"

Tukajaribu kwa mikono. Mbili mbili zilikwenda sawa. Tatu tatu pia. Nne nne kwangu zilikwisha, kwa mwenzangu zikabaki mbili. Sita sita zikaisha kwa wote, na juu ya hapo hakukuwa na kitu. "Basi hiyo sita ndiyo Kigawo Kikubwa cha Shirika," akasema, akasimama, akajipangusa magoti. Kisha akatuchapa kiboko kimoja kimoja cha kuchelewa, maana kengele ni kengele. Sikuumia sana. Nilikuwa nimepata somo ambalo ningeweza kulifanya kimya kimya maisha yangu yote.

Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Nilipofaulu nikaletwa Kasulu kwa mama mdogo, anayeuza maharage sokoni. Kidato cha kwanza meza zilikuwa chache, tukaketi wawili wawili, na mimi nikapangwa na Odeta. Odeta ametoka Munanila, karibu na mpaka. Huku alikuwa anakaa kwa baba yake mdogo, fundi wa baiskeli. Kama Mungu aligawa maneno siku ya kuumba, fungu langu alilichukua Odeta. Alisalimia walimu, wapishi, wauza mandazi, na mbwa wa mlinzi. Siku ya kwanza aliniuliza maswali kumi na moja, nikajibu mawili, akasema kwa mshangao wa Kiha, "Yewe Ansila, wewe tutaishi vizuri, hutanikatiza." Tukaishi vizuri kweli. Yeye aliniombea ruhusa ya kwenda chooni, mimi nilimfanyia Hisabati. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza sasa, ambacho kwetu kilikuwa lugha ya tatu, baada ya Kiha na Kiswahili. Odeta alisema hesabu za herufi ni kama kusoma barua ya mtu usiyemfahamu.

Kidato cha pili ndipo mambo yalipokuwa mazito. Mtihani wa kati ya muhula Odeta alipata F ya Hisabati, mara ya tatu mfululizo. Baba yake mdogo si mtu wa kugomba. Alimwita uani, huku akiwa ameshika spoku ya baiskeli mkononi, akamwambia taratibu: "Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Lakini mtihani wa taifa wa kidato cha pili ukileta F nyingine ya Hisabati, sitalipa mwaka wa kurudia darasa. Utarudi Munanila, ukamsaidie mama yako shamba." Odeta alinisimulia asubuhi yake akicheka, kisha akaacha kucheka katikati ya sentensi. Sikuwa nimewahi kumwona akiishiwa maneno.

Mada tuliyokuwa nayo wakati huo ni ile ya kutafuta vigawo kwa makundi. Mnaikumbuka. Mwalimu Sanga, aliyeletwa kutoka Njombe na aliyelalamika kila siku kwamba Kasulu hakuna baridi kama wanavyodai, aliandika ubaoni 2x² + 7x + 3. Akaivunja ile saba katikati ikawa 6x na x. Akapiga mstari wa chaki: huku 2x² + 6x, huku x + 3. Kila kundi ulitafutie kigawo kikubwa cha pamoja, ukitoe nje, kilichobaki ukifunge kwenye mabano. Kundi la kwanza linatoa 2x, mabano yanabaki na x + 3. Kundi la pili tayari ni x + 3. Mabano mawili yakifanana, umefika.

Kwangu mimi yalikuwa mafungu ya mdako tu, yamevaa herufi. Odeta alikwama mahali pawili. Kwanza alikuwa anatoa kigawo chochote alichokiona mapema, si kile kikubwa. Kwenye 2x² + 6x anatoa 2, anaacha x ndani, mabano yanakataa kufanana, anaudhika. Hilo nilimwonyesha kwa kalamu na akaelewa. La pili lilikuwa gumu zaidi. Kundi la x + 3 halina cha pamoja kinachoonekana. Likitoka lote, yeye alisema hakuna kilichobaki, kwa hiyo haandiki kitu. Na alikuwa na sababu. Sisi wote huku tumekua tukichambua maharage. Soya kule, ya njano huku, mekundu pale. Ukitoa yote, ungo unabaki mtupu, nani ataandika kitu juu ya ungo mtupu? Kwa hiyo jibu lake likawa 2x(x + 3), amemaliza, kalamu chini.

Nilijua kwamba pale panabaki moja. Nilijua hata sababu. Lakini kulisema kulihitaji sentensi tatu au nne mfululizo, na mimi sikuwa nazo. Niliandika 1 kwenye daftari langu, nikidhani ataiona.

Ijumaa moja Mwalimu Sanga akamwita Odeta ubaoni. Zilikuwa alama za jaribio, kila mwanafunzi swali moja. Swali lilikuwa la namna ile ile, 3x² + 4x + 1. Odeta alikwenda kwa mbwembwe, akavunja nne ikawa 3x na x, nikafurahi moyoni. Akatoa 3x, siyo 3. Nikafurahi zaidi. Kisha akaandika 3x(x + 1), akapigia mstari chini mara mbili, akageuka na kuinama kama aliyemaliza kuimba.

"Nani ana jibu tofauti?" Mwalimu Sanga akauliza.

Akazungusha macho, yakafika kwangu. Nadhani aliliona daftari langu, lilikuwa wazi.

"Ansila?"

Jibu lilikuwa mbele yangu, (3x + 1)(x + 1), kwa mwandiko wangu. Ningesema "inabaki moja, mwalimu" tu, angemwachia Odeta arekebishe, ndivyo alivyokuwa akifanya kwa wengine. Nikatikisa kichwa kwamba sina.

"Basi ni sifuri," akasema Mwalimu Sanga. Kutoka nyuma mtu akadakia, "Munanila hiyo, andaa jembe," na darasa likacheka, kwa sababu Odeta mwenyewe ndiye aliyekuwa amewasimulia wote. Akarudi akakaa. Akaliangalia daftari langu muda mrefu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

Kuna watu wanaoumiza wenzao kwa maneno, mimi niliumiza kwa kukosa maneno, na hakuna wa kunichapa kwa hilo. Wiki nzima baada ya hapo Odeta hakusema na mimi, na mjue ukimya wa mtu kama yule ni mzito kuliko wangu.

Jumamosi ya wiki iliyofuata akaja nyumbani. Hakusema amekuja kwa nini. Alimsalimia mama mdogo, "Shikamoo mama," akashika fagio akaanza kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Mama mdogo hakuuliza. Alileta kapu la Mama Deo, jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliyekuwa ametuletea unga wa muhogo siku kadhaa nyuma. "Mrudishieni mwenyewe kapu lake," akasema.

Tukalichukua, tukafika karibu na njia.

"Ninyi," akaita mama mdogo. "Mnakwenda nalo tupu? Mmelelewa wapi?"

Kila mtu huku anajua hilo. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Unaweka hata mkono wa maharage, hata ndizi. Lakini siku ile ndani hatukuwa na kitu, hata maharage ya mama mdogo yalikuwa yameisha na alikuwa hajaenda kununua mengine. Akapekua jikoni akatoka na kiazi kitamu kimoja, kidogo, akakiweka katikati ya kapu.

Odeta akashindwa kujizuia. "Kiazi kimoja, mama? Si bora tupu."

"Kimoja si tupu," akasema mama mdogo. "Nendeni."

Tulitembea labda hatua ishirini. Sijui nini kilinipata. Nadhani ni kukiona kile kiazi kinabingirika peke yake ndani ya kapu kubwa. Nikasema, "Odeta. Lile swali la Mwalimu Sanga."

Akasimama.

Nikaokota kijiti, nikaandika chini kwenye udongo ule mfano wake wa kwanza: 2x(x + 3), alama ya kujumlisha, kisha (x + 3). "Ukiitoa hii x + 3 kutoka fungu la pili, unaacha nini?"

"Si imetoka yote. Sifuri."

"Sawa. Sasa turudishe tulikotoka. Sifuri mara x + 3 ni ngapi?"

Akafikiri. "Sifuri."

"Basi ile x + 3 imekwenda wapi? Ilikuwepo."

Akaangalia chini, akaangalia kapu. "Nimeiiba," akasema.

"Umerudisha kapu tupu. Ulipaswa kuacha kitu ambacho ukikizidisha na x + 3 unaipata x + 3 yenyewe, haijapungua wala haijaongezeka."

"Moja."

"Moja. Kutoa kigawo ni kugawanya, Odeta, si kuchambua maharage. Sita ukiigawanya kwa sita hupati sifuri."

Akachukua kijiti mkononi mwangu, akaandika mwenyewe, taratibu, 1 mbele ya mabano. Kisha chini yake (2x + 1)(x + 3). Mtu mmoja mwenye baiskeli ya ndizi akapiga kengele, tukasogea, tairi likapita juu ya jibu letu. Odeta akaliandika upya.

"Ungeyasema haya Ijumaa ile," akasema, "nisingechekwa."

"Najua. Nisamehe."

"Sitakusamehe bure. Mpaka siku ya mtihani, kila swali utanieleza kwa mdomo. Ukiniandikia kimya kimya nafunika daftari."

Mama Deo alipokea kapu lake, akatoa kile kiazi, akatushukuru kama tumempa gunia.

Odeta alitimiza neno. Kila siku baada ya vipindi tulibaki darasani, na kila nilipoanza kuandika bila kusema, kiganja chake kilitua juu ya ukurasa. "Sema. Wewe si bubu." Mwanzoni nilinong'ona. Nilichanganya Kiingereza na Kiswahili, nikikwama nikaingiza Kiha, na hakuna aliyenivisha kibao. Ulipofika wakati wa mvua, paa la bati likapiga kelele, ikabidi nipaze sauti ili anisikie. Wengine wakaanza kusogeza viti. Siku moja nikageuka nikakuta watu saba nyuma yangu, na yule aliyesema "andaa jembe" akiwa wa kwanza kuuliza swali. Nilitaka kufunga daftari, lakini nilikuwa katikati ya makundi, huwezi kuacha makundi nusu. Nikamaliza.

Mtihani ukaja Novemba, na swali la vigawo lilikuwemo. Tulipotoka nje Odeta hakusema amefanyaje. Alinyoosha kidole kimoja tu hewani, nikajua hakuisahau.

Januari matokeo yakatoka. Tulikwenda wote kwa baba yake mdogo, kwenye kibanda chake cha baiskeli, kwa sababu simu yake ndiyo iliyokuwa na intaneti. Alifuta grisi kwenye suruali, akabonyeza kwa kidole kimoja, akatafuta namba ya Odeta. Akasoma kimya, sisi tumesimama. Hisabati ilikuwa D.

"Hii D ndiyo nini?" akauliza.

"Ndiyo kubaki, baba," Odeta akasema.

Yule mzee akaiangalia tena. "Kumbe ni herufi nzuri," akasema. Akanigeukia. "Na wewe ndiye yule asiyesema?"

"Ndiyo mimi, shikamoo," nikasema, nikiwa nimesahau kusalimia tangu tufike.

Akacheka mpaka akashika magurudumu. Akatununulia soda. Sijawahi kunywa soda tamu kama ile, na ilikuwa ya moto.

Sasa tuko kidato cha nne. Madogo wa kidato cha kwanza wanatuita dada na tunajifanya hatufurahii. Kuna mmoja, mtoto wa jirani, huniletea kazi zake za nyumbani. Amepiga picha swali kwa simu ya kaka yake, simu imempa jibu na hatua zote, safi, kwa rangi mbili. Nikamuuliza, hii moja imetoka wapi? Akasema imetoka kwenye simu. Sikumcheka sana, kwa sababu namhurumia kidogo. Hatachubuka vidole kwenye mdako, kwa sababu hata kokoto hawachezi tena. Anaweza kumaliza mada nzima bila kuhitaji mtu wa kumfunikia daftari. Zamani tulikosa vitabu, tukashirikiana kimoja watu wanne, nikalalamika. Sasa vitabu vipo, kila mtu ana chake, na mchana darasa limetulia kabisa. Huwa nausikiliza ule utulivu. Zamani ningeupenda.

Namshukuru yule mwalimu wa Kibondo aliyechuchumaa. Namshukuru Mwalimu Sanga, aliyeniona nikitikisa kichwa na hakunilazimisha, kisha mwaka uliofuata akaniita tena kama vile hakuna kilichotokea. Nawashukuru mama mdogo na kiazi chake. Zaidi ya wote namshukuru Odeta. Watu wanasema nilimwokoa asirudishwe nyumbani. Yeye mwenyewe huwaambia hivyo, kwa sauti, sokoni. Lakini ninajua ni nani aliyemwokoa nani.

Mtihani wa mwisho umekaribia. Ukiisha, Odeta atapanda gari la Munanila na mimi la Kibondo. Mama yake ameshatuma ujumbe kuuliza atapikiwa nini siku ya kufika. Kidato cha pili tulikuwa tukihesabu siku, tukiomba zisogee polepole, kwa sababu tulihofia mwishoni anarudi Munanila. Sasa tunazihesabu tena, tunaomba vilevile, na anarudi Munanila vilevile. Tofauti ni kwamba safari hii atakuwa amemaliza shule.